Hakuna Pori Lisilo na Mwenyewe: Kabla Hujanunua Kiwanja Pembezoni mwa Tanga

Jiji la Tanga linatanuka. Stendi kuu ya mabasi iko Kange, na Chongoleani ndiko litakakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Watu waliozoea kupanga Ngamiani au Chuda sasa wanatafuta viwanja Pongwe, Mwahako, Mabokweni, hata Kirare. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Bei ingoje kwanza. Uliza ardhi hiyo, kwenye makaratasi, ni ya nani.

Ngamiani ilipangwa kwa barabara za namba zilizonyooka, ya kwanza hadi ya ishirini na moja, na mgeni hapotei. Pembezoni mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka mji ilikuwa mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mkonge ulipoanguka bei, mashamba mengi yaliachwa yakaota vichaka. Watu wakaingia wakalima mihogo, wakapanda minazi na miembe, watoto wao wakajenga vibanda. Leo mjukuu anakuonyesha mwembe na kuapa kwamba eneo lote ni la babu yake, na huenda anaamini hivyo kwa moyo safi. Lakini hati ya shamba lile inaweza kuwa bado hai, kwa jina la kampuni. Na hata hati ikifutwa, ardhi hurudi serikalini ipangwe na kugawiwa upya. Haigeuki kuwa mali ya kuuza ya aliyekuwa akilima.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, uliza kama eneo limepimwa na mchoro wa mipango miji unasema ni la nini: makazi, shule, soko au eneo la wazi. Kama muuzaji ana hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, na kama hati imewekwa rehani benki au ina zuio la mahakama. Kisha mchukue mpima mwenye leseni akakague bikoni. Bikoni huhama usiku, kila mkazi wa pembezoni analijua hilo.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye ana nafasi yake. Anawajua watu, anajua nani aligombana na nani kuhusu mpaka gani, na dakika chache barazani kwake zinaweza kukuokoa. Ila yeye ni shahidi tu, hasajili ardhi. Muhuri wake hauzai hati. Vivyo hivyo kibao cha namba ya nyumba kilichowekwa katika zoezi la anwani za makazi: kinasema nyumba iko wapi, hakisemi ni ya nani. Mkataba uandikwe na wakili, na fedha zipite benki.

Mtego unaowanasa wengi zaidi ni urithi. Mzee amefariki, watoto ni saba, mmoja yuko Mombasa na mwingine Dar es Salaam, na aliyebaki nyumbani ndiye anayeuza. Dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi waonane nawe au watume ridhaa yao kwa maandishi. Kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa. Usiridhike na kuambiwa "mama hana neno". Mama mwenyewe aje aseme, kisha aweke saini.

Ukivuka mpaka wa Jiji kuingia Muheza au Mkinga, utaratibu unabadilika. Huko unaweza kujikuta kwenye ardhi ya kijiji, inayotawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mamlaka hapo ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake, na mgeni huomba akubaliwe. Waraka wenyewe huitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Dalali anayekwambia "hapa ni mjini tu" umwombe akuonyeshe ofisi ya mtaa.

Ipo pia ardhi ambayo hata ikiuzwa na mwenyewe haijengeki. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu za biashara zilizobanana kando ya lami zinapendeza mpaka siku ya alama ya X. Baharini, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na umbali huohuo unahusu kingo za mito kama Zigi. Upande wa Chongoleani uliza pia kama kiwanja kimepitiwa na njia ya bomba.

Ukiridhika na makaratasi, kiangalie kiwanja chenyewe, ikiwezekana mwezi wa Aprili au Mei, masika ikiwa imekolea. Kiangazi kila bonde hujifanya tambarare. Karibu na Kiomoni na Maweni utakuta mwamba wa chokaa chini ya udongo mwembamba, na gharama ya kuchimba shimo la choo inaweza kukushangaza. Huko kuna machimbo na viwanda vya saruji, basi waulize majirani kuhusu vumbi, na upepo wa kusi na kaskazi unalipeleka wapi. Karibu na bahari maji ya kisima mara nyingi huwa na chumvi, hivyo pima umbali hadi bomba la mamlaka ya maji, Tanga UWASA, kabla ya kupiga hesabu ya tofali.

Umeme nao una fumbo lake. Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa njia moja bila nguzo iliwekwa kuwa shilingi 320,960 mjini na 27,000 vijijini. Mtaa unaweza kuwa shamba kwa sura na mjini kwa ada, kwa hiyo pata jibu TANESCO, usitegemee jirani aliyeunganishwa zamani. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Kama umepanga na wewe ndiye unayenunua umeme, unamlipia mwenye nyumba kodi yake. Tunza risiti, mkubaliane aipunguze kwenye pango.

Mwisho, hospitali ya Bombo iko mbali usiku wa mvua. Jua kituo cha afya kilicho karibu, na daladala ya mwisho hupita saa ngapi. Muuzaji akikuharakisha kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja na hela kesho", mwache huyo mtu mwingine anunue.