Kompyuta kuukuu chini ya kitanda: Nani ataivunja?

JE, msomaji, kuna kompyuta iliyokufa nyumbani kwako? Chunguza vizuri kabla ya kujibu. Nyumba nyingi za mjini zina skrini nene iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati, katoni ya nyaya chini ya kitanda, na ndani ya droo vipande vya kijani ambavyo hata mwenyewe hakumbuki vilitoka wapi. Unataka kuvitupa, lakini ukikumbuka pesa ulizotoa siku ile, moyo unasita.

Kwanza, ondoa hofu. Kompyuta nzima iliyokaa kabatini haimdhuru mtu. Sumu yake imefungwa ndani ya kioo, plastiki na chuma. Hatari huanza siku inapovunjwa, inapochomwa moto au inapofunguliwa na mtu asiyejua. Kwa hivyo unapoamua la kufanya, jiulize: ni nani atakayeivunja, na ataivunjia wapi?

Tuanze na ile skrini ya zamani yenye kisogo kama cha televisheni. Kioo chake kilitiwa madini ya risasi, ndiyo yale yale ya risasi za bunduki, ili kuzuia miale ya eksirei isimfikie anayeitazama. Skrini moja huweza kuwa na kilo moja ya madini hayo au zaidi. Madini hayo pia yamo katika lehemu inayoshikilia vipande kwenye zile bodi za kijani, hasa za kabla ya mwaka 2006, wakati sheria ya Muungano wa Ulaya ilipoanza kuyakataza. Nazo skrini nyingi bapa za mwanzo zilipata mwangaza kutoka kwa vijiti vyembamba vya kioo vyenye zebaki.

Sasa, kwa nini tujali? Kwa sababu ya watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya risasi ambayo mtu mzima angefyonza akimeza kiasi hicho hicho. Tena mtoto hutambaa, hushika udongo, kisha hutia vidole kinywani. Risasi hushambulia ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, hatulii, damu yake hupungua. Mara nyingi mzazi haoni dalili yoyote; ikijitokeza huwa ni maumivu ya tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya chakula au uchovu, mambo ambayo sote tungesema ni minyoo. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo ukishadhurika, dawa haiurudishi ulivyokuwa. Mama mjamzito naye hupitisha risasi kwa mtoto aliye tumboni.

Haya si mambo ya ng'ambo. Mwaka 2007, utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) karibu na jaa la Dandora, Nairobi, uliwapima watoto 328, na takriban nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, sumu ilitoka katika kiwanda kilichoyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hizo zilikuwa betri, lakini madini ni yale yale.

Jirani yangu mmoja aliwahi kumpa mwenye mkokoteni skrini mbili, akafurahi kwamba nyumba imepata nafasi. Baada ya wiki tulikuta vioo vyake nyuma ya ploti, mahali watoto huchezea kalongo. Simlaumu mwenye mkokoteni. Yeye alitaka shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya skrini, akaichukua, kioo hakina mnunuzi. Nyaya nazo huchomwa ili plastiki iishe ibaki shaba, na moshi ule mweusi hubeba sumu ziitwazo dioksini, ambazo huhusishwa na saratani. Moshi huo haujui ploti ya nani ni ya nani.

Kuna pia wanaosikia kwamba bodi za zamani zina dhahabu. Ni kweli, lakini ni utando mwembamba mno. Anayejaribu kuitoa kwa tindikali jikoni atapata mvuke unaounguza mapafu kabla hajapata hata ya pete.

Basi ufanye nini? Kama kompyuta bado inawaka, itafutie fundi au shule itakayoitumia kwa kweli, lakini usiwape mzigo wa kukutupia. Mashine za miaka ya 1980 na mapema miaka ya 1990 hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, hasa ng'ambo, nao huithamini zaidi iliyo nzima. Memori na diski zinazofanya kazi zina wanunuzi miongoni mwa mafundi. Futa kwanza mambo yako ya siri.

Kabla ya kuhifadhi bodi yoyote, mwombe fundi aondoe betri. Zile za kizamani zenye umbo la pipa huvuja na kuila bodi. Zile za duara kama sarafu ni balaa jingine: mtoto akimeza, huweza kukwama kooni na kuchoma nyama kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe, kimbia naye hospitalini hata kama halii.

Skrini nene usiifungue kamwe, hata kama haijaguswa na umeme kwa siku kadhaa. Ndani yake huweza kubaki umeme wa kukurusha, na bomba lake halina hewa, hivyo likipasuka vigae huruka kwa nguvu. Ihifadhi nzima hadi utakapoifikisha kwa wanaoivunja kitaalamu. Nairobi kuna WEEE Centre inayoshughulikia taka za umeme. Akija mwingine kusema anakusanya, muulize leseni ya NEMA, na muulize kioo hukipeleka wapi. Akisitasita, rudisha skrini yako kabatini.

Na ikiwa tayari imevunjika? Watoe watoto na mama mjamzito, fungua madirisha. Usifagie pakavu, maana vumbi litapanda. Vaa glavu na viatu, okota vigae, pangusa sakafu kwa karatasi zilizoloweshwa, utie vyote ndani ya katoni na kuifunga kwa utepe. Oga, ubadilishe nguo, na uzifue peke yake. Kama mtoto amekuwa akichezea vigae hivyo kwa siku kadhaa, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari, umweleze wazi habari ya skrini, na umwombe kipimo cha risasi katika damu, kwa sababu asipoambiwa huenda asikiwaze.