Kuku Wageni na Maradhi Wanayokuja Nayo

Mji wa Kitengela, ulio katika barabara ya kutoka Nairobi kwenda Kajiado na Namanga, umekua upesi sana, na leo watu wengi wanaoishi humo katika viwanja vya futi 50 kwa 100 hufuga kuku nyuma ya nyumba. Huko mbele, katika mbuga za Kajiado, ufugaji huu nao umeenea. Zamani Wamaasai hawakuwa na haja ya kuku. Lakini katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ng'ombe wengi walikufa, na akina mama wengi wameona kwamba mayai yaweza kulipa karo pale ambapo maziwa yamekauka. Kwa watu wa namna hiyo kuku kumi si mchezo. Mara nyingi ndiyo akiba yote ya nyumba.

Basi mtu hununua kuku wake sokoni siku ya Jumamosi, nao ni wazima, wanakula na kunywa. Alhamisi mmoja amejikunyata pembeni, na Jumapili watatu wamekufa, na wale wa zamani wameanza kuhara. Mwenye kuku husema ni upepo wa baridi wa Kitengela, au ni maji mageni, au ni jicho la jirani. Ni kweli kwamba safari ndefu katika tenga lililojaa, bila maji, humdhoofisha kuku. Lakini safari haizai ugonjwa, huufichua tu. Mara nyingi kuku alikuwa nao tayari siku alipouzwa.

Ugonjwa wa kideri, mathalan, hukaa mwilini siku mbili hadi kumi na tano kabla ya kuonekana, na mara nyingi ni siku tano au sita. Tena iko sababu nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Mfugaji anayeona kuku wake wawili wamekufa usiku huwakusanya waliosalia na kuwapeleka sokoni asubuhi, apate chochote. Kwa hiyo kijiji kinapopatwa na kideri, soko hujaa kuku, na bei hushuka. Kuku wa bei ya chini kupita kiasi, wakiuzwa na mtu mwenye haraka, wastahili kuangaliwa mara mbili.

Kideri si ugonjwa wa kale hapa kwetu. Ulijulikana mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao uliupa jina lake la kigeni. Na katika Kenya uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, upande wa Mombasa. Kuku huhara kijani, huhema kwa shida, hupinda shingo, na hupooza mabawa na miguu. Katika banda lisilochanjwa waweza kufa karibu wote. Hauna dawa. Dawa za antibayotiki zinazonunuliwa kwa haraka katika duka la dawa za mifugo hazidhuru kirusi hata kidogo, nazo humpunguzia mwenye kuku fedha alizobakiwa nazo.

Lakini si kila kuku anayejikunyata ana kideri. Vifaranga wa wiki tatu hadi nane wanaohara damu, hasa penye matandiko yenye unyevu, yaelekea wana koksidiosisi, nayo hutibika kwa dawa ya kutiwa katika maji ya kunywa ikiwahiwa mapema. Uso uliovimba na kamasi yenye harufu mbaya ni dalili ya mafua makali, na daktari wa mifugo aweza kuyatuliza, ingawa kuku aliyepona huendelea kuyaambukiza. Vifaranga wanaokufa ghafula wakiwa na umri wa wiki tatu hadi sita, wakihara maji meupe, hushukiwa kuwa na gumboro, nao hauna dawa. Kubahatisha ni ghali. Kuku aliyekufa muda si mrefu, akifungwa vizuri katika mifuko miwili, akawekwa penye ubaridi bila kugandishwa, aweza kupelekwa kwa afisa wa mifugo wa kaunti, au katika maabara ya serikali ya Kabete, apasuliwe na kuchunguzwa.

Kabla ya hayo yote, siku ile ile dalili zinapoonekana, wageni watengwe, na mtu awahudumie kuku wa zamani kwanza, kisha wagonjwa, asirudi nyuma mpaka amenawa na kubadili viatu. Wasio na dalili wasihesabiwe kuwa salama. Kuwachanja walioambukizwa hakuwaponyi, maana kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Waliokufa wachomwe, au wazikwe katika shimo refu ambalo mbwa na fisi hawawezi kulifukua. Manyoya na matumbo yaliyotupwa jalalani yametosha kumaliza kuku wa mtaa mzima.

Hapa ndipo penye mtihani. Mwenye kuku amepoteza fedha, karo yangoja, na wanane waliosalia bado wasimama. Akiwapeleka sokoni leo atapata kitu. Akingoja hadi kesho huenda asipate. Hakuna anayeweza kumwambia kwamba hasara hiyo ni ndogo. Lakini yule atakayewanunua, huenda ni mjane wa Isinya aliyeuza mbuzi, atafikishiwa hasara hiyo hiyo, na kutoka kwake itakwenda kwa jirani zake. Na wiki mbili baadaye huenda ikarudi Kitengela katika tenga jingine. Wabaki nyumbani. Muuzaji naye apigiwe simu, hata kama harudishi fedha, maana wapo wengine aliowauzia juma hilo ambao bado wana nafasi ya kuwatenga kuku wao.

Banda lililokumbwa lisijazwe upesi. Matandiko yote yaondolewe na kuchomwa, sakafu ifagiliwe na kuoshwa kwa sabuni, kuta zipakwe chokaa, na vyombo vianikwe juani. Kisha libaki tupu kwa mwezi mmoja. Wanaokuja baadaye wanunuliwe kwa mfugaji anayeweza kuonyesha tarehe za chanjo: gumboro kwa kawaida katika wiki ya pili na ya tatu, kideri katika wiki ya tatu na tena ya nane. Hata hao wakae peke yao wiki tatu, katika kibanda kilicho mbali na cha wengine kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Kwa wanaoishi mbali na barabara na wasio na friji, iko chanjo ya kideri inayostahimili joto kuliko zile za kawaida. Hutiwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi, majirani kadhaa hufanya vema kuchanga fedha na kuchanja siku moja.