FENI ZINAZUNGUKA, KIWAMBO NI GIZA: TUFANYEJE?

Wahenga hawakukosea waliponena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye kutafuta kosa la tarakilishi hukimbilia makubwa, kumbe kosa limejificha kwenye waya.

Vijana wengi wa Kibera na Kawangware hawanunui tarakilishi nzima. Huiunga kidogo kidogo: leo bodi mama ya mtumba, mwezi ujao kijiti cha kumbukumbu, baadaye kisanduku cha stima. Siku ya kuiwasha feni zinazunguka, taa inawaka, lakini kiwambo ni giza totoro. Hapo ndipo pesa hupotea. "Hii imeungua, leta ya nyingine!" Basi kijana analipia kifaa ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Somo hili ni la kumkinga.

USALAMA KWANZA

Chomoa stima kila unapogusa kitu ndani. Kisanduku cha stima usikifungue kamwe; hubaki na umeme hata kikichomolewa. Kikiwa na kiswichi chekundu cha 115 na 230, kiwe kwenye 230, maana stima ya Kenya ni volti 240. Ukikosea hapo utasikia mlipuko. Tena, usifanye kazi ukiegemea ukuta wa mabati: nyaya zilizounganishwa ovyo zinaweza kuyatia stima.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kiwambo na kebo. Kijaribu kiwambo kwa tarakilishi nyingine, hata ya jirani. Kama umeweka kadi ya picha, kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye bodi mama. Pia, si kila prosesa inaweza kutoa picha yenyewe. Zile za Intel zenye herufi F mwishoni mwa nambari haziwezi. Bila kadi, hutaona kitu hata ukeshe.

2. Plagi za stima. Bodi mama ina plagi kubwa ya pini 24, na nyingine ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Hii ndogo ndiyo husahaulika. Feni zitazunguka bila hiyo, lakini prosesa haitafanya kazi.

3. Kumbukumbu. Toa vijiti vyote, futa vumbi, kisha rudisha kimoja tu. Kisukume mpaka usikie "kack!" pande zote. Kikikataa, jaribu nafasi nyingine, halafu kijiti kingine. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa hivyo usilazimishe.

4. Betri ya duara. Bodi ya mtumba hukumbuka mipangilio ya mwenyewe wa zamani. Chomoa stima, toa betri hiyo dakika tano, rudisha. Jua pia kwamba bodi ya zamani huenda isiitambue prosesa mpya mpaka bayosi yake isasishwe.

5. Nje ya kasha. Ilaze bodi juu ya kadibodi kavu ikiwa na prosesa, feni yake na kijiti kimoja; kama prosesa haitoi picha, weka kadi pia. Picha ikija, huenda kuna chuma cha kasha kinachogusa mgongo wa bodi. Rudisha vifaa kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, utajuaje kilichoponya?

Sikiliza na uangalie pia. Bodi nyingine hulia "tii, tii", nyingine huwasha kitaa kidogo kando ya neno CPU, DRAM au VGA. Dalili ya mvua ni mawingu.

Giza likibaki baada ya hayo yote, nenda kwa fundi ukiwa na karatasi ya hatua ulizojaribu. Aliye na karatasi hadanganywi kwa urahisi, na fundi mwaminifu ataifurahia, kwani umempunguzia kazi.

MSAMIATI
Kiwambo: kioo cha tarakilishi.
Kasha: sanduku linalobeba vifaa vyote.
Kusasisha: kufanya kiwe cha kisasa.

ZOEZI
(a) Kwa nini feni kuzunguka si ushahidi kwamba prosesa inafanya kazi?
(b) Jirani ana prosesa ya Intel yenye herufi F, na hana kadi ya picha. Mshauri kabla hajauza simu yake anunue bodi nyingine.