Kutafuta Hitilafu: Barua Pepe Isiyofika kwenye Seva ya Linux

Umesakinisha Postfix kwenye kompyuta yenye Linux, umetuma barua pepe ya majaribio, na haikufika. Ufanye nini? Wanafunzi wengi huandika: "Nitasakinisha programu upya." Jibu hilo halipati alama, kwa kuwa halioneshi barua imekwama wapi.

Kumbuka kwanza safari ya barua. Programu ya mtumaji huikabidhi kwa seva yake. Seva hiyo huuliza DNS rekodi ya MX ya kikoa cha mpokeaji, kisha huunganika na seva ya huko kwa itifaki ya SMTP kupitia poti 25. Mwishowe mpokeaji huisoma kwa IMAP, poti 143 au 993. Barua inaweza kukwama popote njiani, kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: mara ya mwisho ilionekana wapi?

Anayejua ni faili la kumbukumbu. Katika Ubuntu kwa kawaida ni /var/log/mail.log, katika CentOS ni /var/log/maillog. Lifungue, kisha tuma barua nyingine huku ukilitazama:

sudo tail -f /var/log/mail.log

Usipoona mstari mpya, barua haikuifikia Postfix kabisa. Hakikisha inafanya kazi kwa amri systemctl status postfix. Ukiona mstari, tafuta neno status. Likiwa sent, seva iliyotajwa kwenye relay imeipokea. Mpokeaji atazame folda ya barua taka. Likiwa bounced, barua imekataliwa na mtumaji hurudishiwa taarifa. Likiwa deferred, imewekwa kwenye foleni na itajaribiwa tena, kwa kawaida hadi siku 5. Foleni huonekana kwa amri mailq.

Tazama pia namba za SMTP: inayoanza na 4 ni kikwazo cha muda, inayoanza na 5 ni cha kudumu.

Sasa soma mstari huu, uliofupishwa:

to=<mzazi@example.com>, relay=none, status=deferred (connect to mail.example.com[192.0.2.10]:25: Connection timed out)

DNS imefanya kazi, maana jina la seva na anwani ya IP vimepatikana. Kilichoshindikana ni kuunganika. "Timed out" maana yake tumebisha hodi na hakuna aliyeitikia: mara nyingi kuna faiawoli njiani, au mtoa huduma wa intaneti amefunga poti 25 ili kuzuia barua taka. Ingeandikwa "Connection refused", tungejua kompyuta imefikiwa lakini imekataa muunganisho, kwa kawaida kwa sababu hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Tofauti hii hutahiniwa sana, ishike. (Mimi niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikibadilisha mipangilio ya seva iliyokuwa nzima kabisa, poti 25 ilikuwa imefungwa na mtoa huduma.) Suluhisho ni kupitisha barua kwenye seva ya mtoa huduma kupitia poti 587, kwa kipengele cha relayhost ndani ya /etc/postfix/main.cf.

Barua zinazoingia zina matatizo yake. Seva yako ikijibu "Relay access denied" kwa barua za kikoa chako mwenyewe, huenda kikoa hicho hakimo kwenye mydestination. Kiongeze hapo. Usiandike mynetworks = 0.0.0.0/0 ili ujumbe huo utoweke! Utakuwa umemruhusu kila mtu duniani kutuma barua kupitia seva yako. Matapeli wataigundua, anwani yako itaingizwa kwenye orodha za wanaokataliwa, na hata barua zako halali zitarudishwa.

Swali la mfano (alama 5)

Barua zinazotoka zinafika, lakini zinazotoka nje haziingii. Amri ss -ltn inaonesha 127.0.0.1:25 pekee. Eleza hitilafu na namna ya kuirekebisha.

Jibu: Postfix inasikiliza kwenye anwani ya ndani ya kompyuta yenyewe (1), hivyo seva nyingine haziwezi kuifikia (1). Fungua main.cf na uandike inet_interfaces = all (1). Anzisha Postfix upya kwa systemctl restart postfix. Reload haitoshi kwa kipengele hiki (1). Rudia ss -ltn na uthibitishe kuwa sasa inaonesha 0.0.0.0:25 (1).

Alama hiyo ya mwisho ndiyo inayopotezwa na wengi.