Somo: Matoleo Mawili ya Programu za Ofisi katika Kompyuta Moja

Ndugu Katibu, chama kinaponunua programu mpya huku madaftari ya miaka iliyopita yakihitaji ile ya zamani, zote mbili zaweza kukaa katika kompyuta moja, mradi utaratibu ufuatwe.

Kwanza, nakilini faili zote katika chombo kingine na kukihifadhi mbali na kompyuta.

Pili, wekeni toleo la zamani kwanza, kisha jipya. Kwa kawaida toleo lililowekwa mwisho ndilo hufungua faili mnazozibonyeza. Katika Microsoft Office, Outlook haikai matoleo mawili pamoja, chagueni moja.

Tatu, angalieni muundo wa faili. Excel ya 2003 huishia mistari 65,536, na ile ya 2007 hufika 1,048,576. Daftari la mizani lenye mistari 70,000 likihifadhiwa kwa muundo wa kale wa xls, mistari 4,464 ya mwisho hupotea. Humo yaweza kuwamo malipo ya mkulima aliyepima mazao yake siku ya mwisho. Programu hutoa onyo; lisomeni kabla ya kukubali.

Nne, Office 2003 haipati marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014. Itumieni kusomea madaftari yenu tu, wala msiifungulie faili za wageni.

Swali la kujadiliana: Je, nakala ya daftari la wanachama wenu iko wapi, na nani aliikagua mara ya mwisho?