Saratani: Nani Apimwe Nini, na Lini

Mwanamke wa Sirari au Mugumu aliyetimiza miaka 30 asingoje kuumwa ndipo akapime mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Huletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na huchukua miaka 10 au zaidi kukomaa, mama akiwa hasikii maumivu yoyote. Hapo ndipo pa kuiwahi.

Muuguzi huingiza kifaa cha kupanulia uke, hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa macho. Palipobadilika kuwa peupe huenda pana dalili za awali, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa baridi kali au joto. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Kama ulikeketwa na kovu linakuuma, mwambie muuguzi kabla hajaanza na uombe kifaa kidogo. Aibu ya kukeketwa si yako. Rudia kila baada ya miaka 3 mpaka ufike 50. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi na apime kila mwaka. Binti wa miaka 9 hadi 14 apewe chanjo ya HPV, ambayo tangu 2024 ni dozi moja tu.

Matiti yako yazoee mwenyewe tangu ujana, uyapapase hedhi ikiisha. Ukifika 40, mtaalamu ayakague kila mwaka.

Mwanaume wa miaka 50 aongee na daktari kuhusu tezi dume. Kama baba au kaka yake aliugua, aanze na 45. Wengi wanakwepa wakihofia kupimwa kwa kidole, ilhali kipimo cha damu kipo. Majibu ayasome daktari, maana hata tezi iliyovimba tu bila saratani hupandisha kiwango.

Saratani ya koo la chakula, inayosumbua sana Afrika Mashariki, haina kipimo cha kawaida kwa asiye na dalili. Ugali ukianza kukwama, nenda upesi. Ili kujikinga, chai na uji viache vipoe kidogo kabla ya kunywa.

Ulizia siku za upimaji katika kituo cha afya kilicho jirani, hospitali ya Tarime au Hospitali Teule ya Nyerere, Mugumu. Likionekana tatizo kubwa, rufaa ni Bugando, Mwanza, kwenye matibabu ya mionzi. Akina baba, nauli ya mama kwenda kupima itoeni kabla hamjaombwa.