Somo la Usalama Majini: Namna ya Kusoma Maboya na Alama za Njia ya Vyombo

Nahodha anayesafiri kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati hukutana na kanuni ya maboya ikiwa imegeuka katikati ya safari. Anapoondoka Kilindoni anaelekea baharini; anapokaribia Nyamisati anaingia kutoka baharini. Boya jekundu aliliacha mkono wa kulia wakati wa kutoka. Wakati wa kuingia anapaswa kuliacha mkono wa kushoto. Asiyelijua hilo anaweza kuziona alama zote zilizowekwa, akajitahidi kuzifuata zote, na bado akapanda fungu akiwa na abiria chomboni.

Tanzania imo katika Kanda A ya utaratibu wa kimataifa wa alama za majini. Katika kanda hii, chombo kinachoingia bandarini au mtoni kutoka baharini huliacha boya jekundu kushoto na boya la kijani kulia. Kinachotoka hufanya kinyume chake. (Katika nchi za Amerika, Japani na Ufilipino rangi hizo hubadilishana nafasi, jambo ambalo baharia aliyefanya kazi kwenye meli za nje huenda analikumbuka, asilitumie huku.) Njia nyepesi ya kukumbuka ni kuzitazama taa za chombo chenyewe: nyekundu huwekwa kushoto, kijani kulia. Kwa hiyo ukiingia, upande wako mwekundu unalielekea boya jekundu.

Rangi hupauka kwa jua na chumvi, na ndege nao huzifunika kwa kinyesi. Ndiyo maana umbo nalo lina maana. Boya jekundu huwa na umbo la kopo, bapa juu. La kijani limechongoka kama kawa la kufunikia chakula. Usiku, boya jekundu huwa na taa nyekundu na la kijani taa ya kijani.

Zipo pia alama za rangi nyeusi na manjano, na hizi ndizo zinazokosewa zaidi. Jina la alama hutaja upande ulio salama, si upande wenye mwamba. Ukiona alama ya kaskazini, pita kaskazini yake. Juu yake hubeba pia mbili nyeusi: zote zikielekeza ncha juu ni kaskazini, zote chini ni kusini, ncha zikiachana, moja juu na moja chini, ni mashariki, ncha zikikutana katikati ni magharibi. Anayesahau atazame mwili wa boya, kwa kuwa ncha za pia huelekea mahali palipopakwa rangi nyeusi.

Usiku alama hizo humulika taa nyeupe kwa hesabu ya saa ya ukutani. Mashariki humulika mara 3, kusini mara 6 na kufuatiwa na mmuliko mmoja mrefu, magharibi mara 9, na kaskazini humulika mfululizo bila kukatika. Hapa Mswahili awe mwangalifu: hesabu inafuata tarakimu zilizoandikwa kwenye saa, si namna tunavyotaja wakati. Mshale unapokuwa kwenye 3 sisi husema saa tisa, lakini alama hiyo ni ya mashariki.

Boya jeusi lenye mikanda myekundu na mipira miwili myeusi juu yake limesimama juu ya hatari yenyewe, lipishe mbali. Lenye michirizi ya wima myekundu na myeupe huonyesha maji salama pande zote. La manjano tupu huonyesha eneo lenye matumizi maalumu, na ni vema wenzetu wanaovua karibu na mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia walifahamu vizuri.

Utaratibu huu mmoja ulipatikana kwa gharama kubwa. Hapo awali ilikuwapo mifumo zaidi ya 30 duniani, mingine ikipingana. Januari 1971, meli ya Texaco Caribbean ilizama karibu na Dover, Uingereza, baada ya kugongana na nyingine. Siku iliyofuata Brandenburg iligonga mabaki yake ikazama. Februari ikafuata Niki, ingawa mabaki yalikuwa yamekwisha wekewa alama. Watu 51 walipoteza maisha. Mwaka 1980 mataifa yalikubaliana juu ya utaratibu tunaoutumia leo.

Hata hivyo, boya huonyesha njia, halikuhakikishii kina. Maji yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mchanga unaoletwa na Mto Rufiji huhamisha mafungu. Kimbunga kama Hidaya, kilichotufikia Mei 2024, kinaweza kuliburuta boya na nanga yake. Kwa sababu hiyo nahodha mwerevu haachi desturi ya wazee ya kulinganisha alama mbili za nchi kavu, iwe mnazi na msikiti au mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kwa kuwa hizo hazielei. Boya lenyewe pia lina habari ya ziada: likiwa limelala upande mmoja, linakuonyesha maji yanakovuta.

Kufunga ngalawa au nyavu kwenye boya la njia, au kung'oa taa na kioo chake cha jua, ni kosa ambalo halina udhuru. Boya lililohama linaweza kuwa baya kuliko kutokuwapo boya, maana linaaminiwa.

Mkazi atakayeona boya limezimika taa, limehama au limekatika mnyororo atoe taarifa ofisi ya bandari Kilindoni au kwa Ofisa Mtendaji wa Kata yake. Ataje rangi na umbo la boya, mahali alipoliona kwa kulinganisha na alama za nchi kavu, siku na saa, na iwapo maji yalikuwa yakijaa au yakipwa.